Dume wa Nengo: kumhasi au kumpandisha?

Na Mwandishi Wetu, Rubavu

Jike mmoja wa mtaani akiingia kwenye joto, madume wote wa Nengo hujua kabla jua halijatua.

Hana haja ya kubweka. Anapita tu barabara ya ufukweni, mkia kaupeleka pembeni, na nyuma yake wanaandamana madume wanne au watano wanaosukumana na kuonyeshana meno. Ndani ya nyua zilizojengwa kwa mawe meusi ya volkano, mbwa waliofugwa nao wanaanza. Mmoja analia kwa sauti ndefu, mwingine anachimba chini ya geti, wa tatu hagusi chakula chake tangu asubuhi.

Mlinzi anafungua geti kuingiza gari, na sekunde hizo chache zinatosha. Dume mwenye jina, mwenye bakuli lake na kadi ya chanjo, anachomoka mbio na haitiki hata akiitwa na anayempenda kuliko wote.

Akirudi, kama atarudi, sikio limechanika na mguu anauburuta. Shingoni ana jeraha, na hakuna awezaye kusema ni meno ya mbwa gani.

Hapo ndipo mjadala huanza nyumbani. Baba anasema mbwa kama huyu, aliyenunuliwa kwa fedha nyingi, ni hasara kumkata. Kuna jirani mwenye jike wa aina ileile, na malipo ni kitoto kimoja kwa hiari ya mwenye dume. Mama amechoka kukesha. Mlinzi anaonya kwamba mbwa aliyehasiwa hupoa akawa kama kondoo, na usiku anaoujua yeye hauhitaji kondoo. Watoto wanataka vitoto vya mbwa, basi.

Ni heri msomaji ajue mapema makala haya yanaelekea wapi: madume wengi wa Nengo wanafaa kuhasiwa. Lakini si kwa sababu zinazotajwa mara nyingi, wala si katika umri unaochaguliwa mara nyingi.

Mageti na mpaka

Nengo ni akagari (seli) mojawapo katika umurenge (sekta) wa Gisenyi, wilaya ya Rubavu. Upande mmoja kuna maji ya Ziwa Kivu, na ukitembea kidogo tu unafika mpaka wa Kongo. Nyumba nyingi ni kubwa, zina bustani na mlinzi wa usiku, na palipo na bustani na mlinzi aghalabu pana mbwa.

Gisenyi na Goma ni miji miwili iliyoshikana. Watu huvuka kwa maelfu kila siku, wengi kwa miguu, kupitia kivuko kinachojulikana kama Petite Barrière. Mbwa naye huvuka, ila yeye hapiti penye karani. Hupita anapoona upenyo, na dume anayefuata harufu ya jike hajui ametoka nchi gani kuingia ipi.

Zaidi ya hapo, huu ni ukanda ambao watu wake wamelazimika kukimbia mara kwa mara. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walimiminika Rubavu, na siku chache baadaye matetemeko yakawatoa hata wenyeji wa Gisenyi majumbani. Januari 2025, Goma ilipotekwa na waasi wa M23, walivuka tena. Watu wakikimbia, mbwa ama hufuata ama huachwa, na aliyeachwa hujiunga na wa mtaani.

Kwa hiyo dume anayeruka ukuta Nengo haingii katika mtaa tulivu wenye mbwa kumi wanaojulikana. Anaingia katika kundi la mbwa wa miji miwili, ambao hakuna ofisi yenye orodha ya chanjo zao.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalioni na wenyeji hawalisemi kwa urahisi. Mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa walikula maiti. Askari wa RPF, na baadaye wale wa Umoja wa Mataifa, waliwapiga risasi, na kwa muda mrefu baada ya hapo Rwanda ilikuwa nchi yenye mbwa wachache mno. Watu wazima wanaoshtuka wakiona mbwa barabarani wana sababu, na mwenye mbwa anayeacha geti wazi anapaswa kukumbuka ni nani anayepita nje.

> Dume anayeruka ukuta Nengo anaingia katika kundi la mbwa wa miji miwili, wasio na orodha ya chanjo popote.

Hoja ya kupandisha

Wanaotaka kupandisha hawastahili kubezwa. Mbwa mzuri wa ulinzi hapatikani kirahisi katika mji huu. Wengi huletwa kutoka mbali, na mwenye ghala au hoteli akiona dume ametulia, anasikia amri na hang'ati watoto, ni haki yake kutamani kizazi chake. Tabia njema hurithiwa kwa kiasi fulani, na mbwa wa namna hiyo akihasiwa bila kuacha mtoto, mji umepoteza kitu.

Tatizo ni kwamba kupandisha kwa njia ya haki ni kazi, na wengi huihesabu kama zawadi.

Dume wa kupandishwa anatakiwa awe na umri wa takriban miaka 2, kwa sababu kabla ya hapo nyonga zake hazijamaliza kukua na huwezi kujua kama ni nzima. German Shepherd na Rottweiler wana udhaifu wa nyonga unaorithiwa. Mbwa anaweza kukimbia vizuri akiwa na mwaka mmoja na kushindwa kuinuka akiwa na miaka sita, na wakati huo watoto wake ishirini wako katika nyumba za watu. Kinachoonyesha nyonga mapema ni picha ya eksirei. Asiye tayari kuigharimia asipandishe.

Kisha atazamwe korodani. Dume ambaye korodani moja imebaki tumboni hafai kabisa, hata awe mrembo kiasi gani. Kasoro hiyo hurithiwa, na korodani iliyobaki kwenye joto la tumbo huelekea kupata saratani mara nyingi kuliko iliyoshuka. Huyo anahitaji upasuaji bila mjadala.

Lipo pia jambo ambalo mwenye dume huligundua akiwa amechelewa. Mbwa wa mitaani Afrika Mashariki, na duniani kwa jumla, hubeba uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana. Si virusi wala bakteria. Chembechembe zenyewe za saratani hutoka kwa mbwa mmoja zikaota kwa mwingine, na wanasayansi wamefuatilia chimbuko lake hadi kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Kwa dume, dalili ya kwanza huwa matone ya damu kutoka kwenye ala ya uume, ambayo wengi hudhani ni jeraha la kawaida. Hutibika kwa sindano za vinkristini kila wiki kwa wiki kadhaa, lakini dawa hiyo ni sumu kali, si ya kuchezewa na asiye daktari. Jike anayeletwa na jirani huenda naye alichomoka getini mwezi uliopita.

Halafu kuna udogo wa mji. Dume mmoja mwenye sifa hupandishwa kwa huyu, kwa yule, na kwa dada yake yule. Baada ya miaka mitatu, majike wachanga wanaoletwa kwake ni mabinti zake mwenyewe, na hakuna anayejua kwa sababu hakuna daftari. Nairobi kuna East Africa Kennel Club inayoandikisha mbwa na wazazi wao. Mwenye mbwa wa Rubavu anayesema damu safi bila karatasi yoyote anasema kwa imani tu. Uzazi wa ndugu kwa ndugu hauonekani siku vitoto vinapozaliwa. Huonekana baadaye, katika ngozi, macho, mapigo ya moyo na hasira zisizo na sababu.

Na mbona damu inayotafutwa ni ya Ulaya tu? Basenji, anayetambulika leo duniani kote kama aina kamili ya mbwa, ametoka misitu ya Kongo, jirani zetu wa karibu kabisa. Ni mbwa wa kuwinda asiyebweka kama wengine, aliyekuwa akifungwa njuga shingoni ili mwindaji ajue alipo, na jike wake kwa kawaida huja kwenye joto mara moja tu kwa mwaka. Madume wa kienyeji wenye miguu mikavu na tumbo linalohimili chochote wamepita katika mchujo mkali kuliko wa shirika lolote la mbwa. Mwenye kupenda uzazi kwa dhati angeanza kuwatazama hao kwa jicho jingine.

Kitoto cha sita

Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63. Jike mkubwa wa aina ya German Shepherd anaweza kuzaa vitoto sita, saba, hata nane. Viwili vina wenyewe kabla havijazaliwa, cha tatu kinachukuliwa na mwenye dume, cha nne na cha tano vinapata watu kwa kusukumana kidogo.

Swali la makala haya liko kwenye kitoto cha sita.

Huyo ndiye anayepewa mtu ambaye hakumwomba. Anafungwa mnyororo nyuma ya jiko, hachanjwi, na akifika miezi minane anakata mnyororo. Kama ni jike, baada ya mwaka ndiye anayepita barabara ya ufukweni na madume watano nyuma yake.

Mwenye dume husema hayo hayamhusu, vitoto ni vya mwenye jike. Sikubaliani naye. Anayepokea malipo ya kupandisha amepokea na sehemu ya jukumu. Kabla ya kukubali, aulize vitoto vyote vitakwenda wapi, kimoja kimoja, na awe tayari kumrudisha kwake atakayekosa kwao. Mwenye kuweza hilo, na dume wake ana afya na nyonga nzima, apandishe kwa amani.

> Anayepokea malipo ya kupandisha amepokea na sehemu ya jukumu.

Kuhasi hubadilisha nini

Turudi kwa mlinzi na kondoo wake, maana hofu yake ndiyo inayozuia wengi.

Kuhasi ni kuondoa korodani zote mbili, na pamoja nazo chanzo kikuu cha homoni ya testosteroni. Kinachopungua ni zile tabia zinazosukumwa na homoni hiyo. Mwaka 1976, watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis walichapisha matokeo ya kufuatilia madume 42 waliohasiwa wakiwa wakubwa. Kutoroka na kuzurura ndiko kulikopungua zaidi, kwa takriban mbwa 9 kati ya 10 waliokuwa na tabia hiyo. Kupigana na madume wenzao, kupanda vitu na kukojoa ndani ya nyumba kulipungua kwa wengi, si kwa wote. Hasira ya kulinda eneo lao haikubadilika.

Mlinzi alisikie hilo la mwisho. Mbwa hamfokei mwizi kwa sababu ya korodani. Humfokea kwa sababu pale ni pake, kwa sababu alizaliwa katika ukoo wenye tabia hiyo, na kwa sababu amelelewa akijua nani ni wa nyumbani. Tena dume aliyehasiwa yupo nyumbani saa nane za usiku, wakati asiyehasiwa yuko mpakani akifuata harufu.

Kuna imani nyingine iliyoenea, kwamba dume apewe jike mara moja tu, atatulia. Kinyume chake ndicho kinachoelekea kutokea: dume aliyekwisha kuonja hutafuta kwa bidii zaidi. Mbwa hahesabu uzao wake wala haoni haya ya kukosa mtoto. Huruma ambayo mwanamume mwenye mbwa humwonea ni ya kweli, lakini ni yake mwenyewe.

Miongoni mwa Waislamu wa Gisenyi, ambao ni sehemu ya zamani ya mji huu na ya Kiswahili chake, swali huja kwa sura nyingine: je, inajuzu kumhasi mnyama? Wanachuoni wamehitilafiana. Wapo waliokataza, na wapo walioruhusu pale penye manufaa na pasipo mateso. Mbwa wa ulinzi mwenyewe ameruhusiwa kufugwa. Mwenye shaka amwendee sheikh anayemwamini, na amweleze pia hali ya barabara na ya vitoto, si upasuaji peke yake.

Kwa afya, faida zipo na ziko wazi. Korodani zikiondolewa, saratani yake haipo. Tezi dume, ambayo hunenepa kwa madume wengi kadiri wanavyozeeka na kuwafanya wakojoe kwa taabu au wakojoe damu, husinyaa. Hasara nazo zipo. Mwili hutumia nguvu kidogo kuliko awali huku hamu ya kula ikipanda, hivyo mbwa hunenepa haraka asipopunguziwa chakula. Kumpunguzia robo ya kipimo chake cha zamani ni mwanzo mzuri. Na saratani ya tezi dume, ambayo ni nadra, haizuiwi kwa kuhasi.

Haraka ina bei yake

Hapa ndipo watetezi wa kuhasi nao wanapokosea.

Kwa miaka mingi, ushauri uliotoka Marekani ulikuwa mmoja kwa mbwa wote: mkate akifika miezi sita. Kikundi kilekile cha Davis, kikiongozwa na Benjamin Hart na Lynette Hart, kiliutikisa ushauri huo. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya Golden Retriever, na mwaka 2016 yale ya German Shepherd. Kwa madume wa German Shepherd waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja, takriban asilimia 21 walipata matatizo ya viungo, dhidi ya asilimia 7 ya waliobaki bila kuhasiwa. Homoni ndizo zinazoiambia mifupa isimame kukua. Zikiondolewa mapema mno, miguu hurefuka kupita kipimo chake, na magoti na nyonga hubeba mzigo usio wao.

Mwaka 2020 walitoa matokeo ya aina 35 za mbwa. Kwa mbwa wadogo tofauti hiyo ya viungo haikuonekana. Kwa German Shepherd, walishauri kusubiri mpaka apite takriban miaka 2.

Ulaya ya kaskazini imekuwa na tahadhari hiyo tangu zamani. Uswidi haikuruhusu kuhasi mbwa bila sababu ya kitabibu hadi mwaka 1988, na Norway bado sheria yake ya ustawi wa wanyama inabana jambo hilo. Lakini huko mbwa huishi ndani ya nyumba, hutoka kwa kamba, na mtaani hakuna mbwa wasio na mwenyewe. Rubavu haiwezi kuazima sheria ya Oslo bila kuazima na barabara zake.

Kwa hiyo mwenye mbwa mkubwa wa Nengo ana miezi kumi na miwili hivi ya kumlinda dume aliyekwisha kubalehe na bado hajafaa kukatwa. Huo ndio wakati mgumu. Unadai geti la ndani, uzio wa pili, ama mlinzi anayemfunga kwanza kabla ya kufungua geti kubwa. Asiyeweza kabisa kumzuia, ambaye dume wake ameshatoroka mara kadhaa, afikirie kuhasi mapema kidogo, maana nyonga mbovu ya baadaye ni afadhali kuliko lori la leo. Mbwa mdogo au wa kienyeji anaweza kuhasiwa akiwa na miezi sita hadi kumi na miwili bila wasiwasi mkubwa.

Ipo pia njia ya kati ambayo haijulikani sana: kipandikizi chenye dawa ya deslorelini, kinachowekwa chini ya ngozi na kuzima homoni kwa miezi 6 au 12, kisha nguvu zikarudi. Kinamfaa anayetaka kwanza aone tabia itabadilika vipi. Muulize daktari kama anaweza kukiagiza.

Ambacho dume mmoja hawezi

Huambiwa mara nyingi kwamba kuhasi madume kutapunguza mbwa wa mtaani na kumaliza kichaa cha mbwa. Hoja hiyo ina kasoro, na heri isemwe na anayependa kuhasi kuliko kusubiri wapinzani waigundue.

Madume tisa kati ya kumi wakihasiwa, wa kumi anatosha kuwatia mimba majike wote wa mtaa. Idadi ya mbwa hupungua kwa kuwahasi majike. Dume anahasiwa kwa ajili yake mwenyewe na kwa ajili ya waliomo nyumbani: asitoroke, asiumwe, asilete ugonjwa ndani ya geti.

Nacho kichaa cha mbwa hukomeshwa na sindano. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 vya watu kila mwaka, karibu vyote kutokana na mbwa, na takriban asilimia 40 ya wahanga ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Lakini ugonjwa wenyewe hauenei kwa kasi kubwa: mbwa mmoja mgonjwa, kwa uchunguzi uliofanyika Serengeti, huambukiza wastani wa mbwa mmoja hadi wawili. Ndiyo maana kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo kunatosha kuukata.

Pemba ilithibitisha. Chanjo ziliufuta kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingizwa upya kutoka nje, kampeni zikarudi, na kufikia mwisho wa 2018 ulikuwa umefutwa tena. Pemba ina bahari pande zote. Rubavu ina Goma. Kazi yetu ni ngumu zaidi, na haiwezi kufanywa upande mmoja wa mpaka.

Kuua mbwa kwa sumu au risasi, njia iliyotumika miaka mingi katika nchi zetu, hakujawahi kuuondoa ugonjwa huu. Huwaua hata waliochanjwa, na nafasi zao hujazwa na wageni wasiochanjwa.

Mbwa wetu pia wana majirani ambao hatuwafikirii. Mwaka 1994, virusi vya homa ya mbwa, ambavyo watafiti walivihusisha na mbwa wa vijijini, viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Wilaya ya Rubavu, kwa upande wa Bugeshi, inagusa Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Madaktari wa Gorilla Doctors, wenye makao Musanze, wamekuwa wakichanja mbwa wa jamii zinazoishi kando ya hifadhi, kwa kuwa afya ya mwitu huanzia kwa wanyama wa nyumbani.

> Idadi ya mbwa hupungua kwa kuwahasi majike. Dume anahasiwa kwa ajili yake mwenyewe.

Siku ya upasuaji

Taaluma ya mifugo nchini imejengwa juu ya ng'ombe, na si ajabu: tangu 2006, mpango wa Girinka umekuwa ukizipa familia maskini ng'ombe, na daktari wa mifugo wa umurenge hupimwa kwa maziwa na ndama. Mbwa huja mwisho. Basi muulize daktari bila haya amewahasi mbwa wangapi, anatumia dawa gani ya usingizi, na nani atamtazama mbwa mpaka azinduke. Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo.

Mbwa hali chakula usiku wa kuamkia upasuaji. Hupimwa uzito, kwa kuwa kipimo cha usingizi hufuata kilo, na kukisia kwa macho kumeua wengi. Daktari hupasua mahali padogo mbele ya korodani, hufunga mishipa, huzitoa korodani moja baada ya nyingine, hushona. Kwa dume mzima mwenye afya, kazi yenyewe haizidi sana nusu saa. Apewe dawa ya maumivu ya siku kadhaa. Mtu asiitoe dawa hiyo kwenye orodha ili kupunguza bei. Koleo la kuhasia mafahali si la mbwa kamwe, na wembe bila usingizi ni ukatili.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na katika siku hizo asilambe kidonda wala asirukeruke. Kisha kuna jambo linalosahauliwa kuliko yote: mbegu zilizobaki katika mirija zinaweza kutia mimba hata baada ya korodani kuondoka. Akae mbali na majike kwa wiki nne hadi sita. Homoni nazo hupungua taratibu, na tabia ya kuzurura iliyozoeleka kwa miaka haiishi siku moja.

Chanjo ya kichaa iwe imeshatolewa, na irudiwe kwa ratiba. Akimng'ata mtu, au mtu akang'atwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Ombi kwa wenye mageti

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni siku nzuri kwa wilaya, madaktari wa mifugo na wenye mbwa wa Nengo kukutana, kwa kuwa huku kuna watu wenye uwezo wa kulipia upasuaji wa mbwa wao na wachache hufanya hivyo.

Napendekeza kila anayemhasi dume wake alipie na jike mmoja wa mtaani. Ni kazi kubwa zaidi, kwa maana tumbo hufunguliwa, na huchukua muda mrefu na ustadi zaidi. Jike huyo atahitaji kukamatwa bila kuumizwa, kuchanjwa, na kulala mahali pakavu kwa siku kumi kabla ya kurudishwa alikotolewa, akiwa na alama sikioni ili asikamatwe tena. Mahali hapo pakavu ndipo pagumu kupatikana kuliko fedha. Nyumba nyingi za Nengo zina banda tupu nyuma ya bustani.